Mauti Akikimbia Peke Yake: Namna ya Kuutazama Mchoro wa Mpanda Farasi wa Ryder

Makumbusho ya Sanaa ya Cleveland, nchini Marekani, yana mchoro wa rangi za mafuta wenye kimo cha sentimita 70 hivi na upana wa sentimita 90. Kwa mtazamo wa kwanza mchoro huo una mambo machache mno, hata mtu akajiuliza ni nini kinachowafanya watazamaji wausimamie kwa muda mrefu. Kiunzi cha mifupa kimepanda farasi wa rangi iliyopauka, kimeshika mundu wenye mpini mrefu, na farasi anakwenda mbio katika uwanja wa mashindano. Kuna uzio na mti mkavu. Mbele kabisa, upande wetu sisi tunaotazama, kuna nyoka anayejinyonganyonga ardhini. Mchoraji ni Albert Pinkham Ryder, aliyezaliwa New Bedford, Massachusetts, mwaka 1847 na kufariki mwaka 1917, na jina la mchoro kwa Kiswahili lingekuwa Uwanja wa Mbio, ingawa wengi huuita pia Mauti Juu ya Farasi wa Kijivu.

Takriban kila anayeuandika mchoro huu husema kwamba una fumbo, kisha katika aya inayofuata hulifumbua fumbo lenyewe kwa kisa kimoja maarufu, na kazi ikaishia hapo. Naona mwenendo huo una kasoro, na Kiswahili kinatupa nyenzo nzuri ya kuieleza. Kitendawili hutegwa ili kiteguliwe: mtegaji ana jibu tangu mwanzo, na likishatajwa, mchezo umekwisha, hakuna anayerudi usiku wa pili kukisikiliza upya kitendawili alichokitegua jana. Fumbo ni jambo jingine. Methali isemayo "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua" inataka tuamini kwamba nalo lina ufunguo wake, lakini tukilirudia neno lenyewe tunakuta linatokana na kufumba, na kilichofumbwa si lazima kiwe kimefichwa mahali pengine. Jicho lililofumbwa lipo palepale usoni. Ndivyo ulivyo mchoro wa aina hii: kila kitu kipo mbele yetu, hakuna kilichositiriwa nyuma ya pazia, na hata tukishaambiwa yote tuliyokuwa hatuyajui, bado umefumba.

Ili tofauti hiyo isibaki maneno matupu, tumtazame kwanza mpanda farasi mwingine. Katika mkusanyiko wa Frick mjini New York kuna mchoro wa Rembrandt wa miaka ya 1650, unaojulikana kama Mpanda Farasi wa Poland. Kijana aliyevaa kwa mtindo wa Poland, mwenye upinde na podo la mishale, anapita juu ya farasi wake katika mandhari yenye giza la machweo. Wataalamu wamebishana kwa miongo mingi: kijana huyo ni nani, anakwenda wapi, ni mtu halisi au ni mfano wa askari yeyote wa imani, na katika miaka ya 1980 walibishana hata kama ni Rembrandt mwenyewe aliyemchora. Maswali hayo ni vitendawili kwa maana niliyoitaja. Ikipatikana kesho barua ya karne ya 17 yenye jina la kijana huyo, mabishano yatakwisha kabla ya jioni. Siri yake kubwa inatokana na habari iliyopotea. Katika mchoro wa Ryder hakuna habari iliyopotea; kinyume chake, mchoraji alitueleza mwenyewe mahali ulikotoka, na maelezo yake ndiyo yaliyowapotosha wengi.

Kisa chenyewe ni hiki. Ryder alikuwa na ndugu yake aliyesimamia hoteli mjini New York, naye alikuwa akienda kula huko. Akazoeana na mhudumu mmoja wa mezani. Mwaka 1888, siku moja kabla ya mashindano makubwa ya farasi ya Brooklyn, mhudumu huyo alimweleza kwamba alikuwa ameweka akiba ya dola 500, na kwamba zote, bila kubakiza senti, alikuwa ameziwekea dau kwa Hanover, farasi mashuhuri wa ndugu wawili wa ukoo wa Dwyer. Hanover akashindwa. Asubuhi iliyofuata Ryder alipokwenda kupata kifungua kinywa aliambiwa kwamba yule mhudumu alikuwa amejiua kwa risasi usiku. Ryder alisema jambo hilo lilitanda akilini mwake kama wingu asiloweza kulifukuza, na kwamba mchoro ndio matokeo yake.

Ni kisa kizito, na anayekisikia huhisi kwamba mchoro umefunguka: Mauti ni kamari, uwanja ni uwanja wa Brooklyn, nyoka ni kishawishi cha fedha ya haraka, na funzo liko wazi. Lakini turudi kwenye turubai na kuhesabu ni kitu gani cha kisa hicho kilichomo. Mhudumu hayumo. Hanover hayumo, wala farasi wengine walioshindana naye. Hakuna fedha, hakuna umati wa watazamaji, hakuna bastola, hakuna hoteli. Kati ya yote aliyoyasimulia Ryder kimebaki kitu kimoja tu, nacho ni uwanja. Tena tuangalie miaka. Tukio lilitokea mwaka 1888, ilhali makumbusho yanauweka mchoro kati ya mwaka 1896 na 1908. Mtu anayetaka kuripoti msiba wa rafiki hangoji miaka minane ndipo aanze, wala haendelei kuongeza na kufuta kwa miaka mingine mingi. Katika muda huo wote kisa kilikuwa kikichujwa, na kilichodondoka chini ya chujio ndicho tunachokitazama. Ryder mwenyewe aliwahi kuuliza, kwa maneno mengine, wingu la dhoruba lililo sahihi kwa umbo na kwa rangi lina faida gani ikiwa dhoruba yenyewe haimo ndani yake. Swali hilo linaeleza kazi yake kuliko kisa cha mhudumu.

Sasa huyu mpanda farasi ametoka wapi, ikiwa hakutoka Brooklyn? Ametoka katika Ufunuo wa Yohana, sura ya 6 aya ya 8, ambako anatajwa kwa jina: amempanda "farasi wa rangi ya kijivujivu", na jina lake ni Mauti. Neno la Kigiriki lililofasiriwa hapo kuwa kijivujivu ni chloros, na lina historia ya kuvutia, kwani ndilo lililozaa majina ya klorini na klorofili, na katika Injili ya Marko linatumika kueleza ubichi wa nyasi. Linapotumika kwa kiumbe hai, humaanisha weupe wenye ukijani wa mtu aliyezimia au aliyekwisha kufa. Kwa hiyo farasi wa Ufunuo si mweupe wa kupendeza, na Ryder alilielewa hilo. Farasi wake hang'ai. Amepauka kama kitu kilichokaa muda mrefu pasipo jua, na kupauka huko kunamfanya aonekane ameumbwa kwa dutu tofauti na ardhi ya kahawia anayoikanyaga.

Wachoraji wa Ulaya walikuwa wamemchora mpanda farasi huyu kwa karne nyingi. Katika ukuta uliochorwa mjini Palermo mnamo miaka ya 1440, Mauti anakuja juu ya farasi aliye mifupa kama yeye, akiwafuma kwa mishale matajiri na maaskofu huku akiwapita maskini wanaomsihi awachukue. Mwaka 1498 Albrecht Dürer alichonga katika ubao wapanda farasi wote wanne wakija pamoja kama wimbi, na Mauti, mzee aliyekonda juu ya farasi aliyekonda, akiwakanyaga walioanguka. Pieter Bruegel, mnamo mwaka 1562, alijaza mchoro wake ulioko Prado, Madrid, kwa majeshi ya mifupa, na katikati yao Mauti mwenye mundu akiwaswaga binadamu kama mifugo. Benjamin West, Mmarekani aliyefanya kazi London, aliukamilisha mwaka 1817 mchoro wenye upana unaozidi mita 7, ambao sasa uko Philadelphia, na humo kuna radi, simba, wapiganaji, mama anayekufa na mtoto wake. Wote hawa, pamoja na tofauti zao, wanakubaliana katika jambo moja: Mauti ana kazi, na kazi yake inaonekana. Kuna wanaouawa. Mundu unafyeka.

Ryder aliwaondoa wote. Mundu umeinuliwa, lakini hakuna shingo wala suke mbele yake. Wachambuzi wengi hufika hapa na kusema kwamba basi anayewindwa ni wewe unayetazama. Sauti ya jibu hilo ni nzuri, lakini mchoro wenyewe haulithibitishi, kwa sababu Mauti hatutazami na wala haji upande wetu. Anatupita. Yuko ng'ambo ya uzio, anashughulika na mbio zake, na sisi si kitu kwake. Hilo linanitisha zaidi kuliko kama angetugeukia.

Hapa ndipo uwanja unapoanza kueleweka, na ndipo naona kisa cha mhudumu kilipotoa mchango wake wa kweli, ambao ni umbo tu. Katika mapokeo ya zamani Mauti husafiri: anatoka mahali, anakwenda mahali, na waliosimama njiani wanaangamia. Njia yake ina mwanzo na mwisho. Uwanja wa mbio ni mviringo. Anayeukimbia hafiki popote isipokuwa pale alipoanzia, na kinachoupa mzunguko maana ni wapinzani na mstari wa kumalizia, yaani kuna mtu atakayekuwa wa kwanza na mwingine atakayekuwa wa mwisho. Ryder ameubakiza mviringo na kuwafuta wapinzani. Amebaki mkimbiaji mmoja asiyeweza kushinda kwa kuwa hana wa kumshinda, na asiyeweza kushindwa kwa sababu hiyohiyo, akizunguka kwa kasi ambayo haina haja yoyote. Pupa ya nini? Hakuna anayemkimbiza.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiyejua mashindano ya farasi ya Marekani hawezi kuliona mara moja. Huko farasi hukimbizwa kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, na mpanda farasi wa Ryder anauzunguka uwanja kwa upande wa pili. Anakwenda kombo. Mtu wa New York wa wakati ule, aliyezoea viwanja hivyo, bila shaka alihisi kwamba kuna kitu hakiko sawa kabla hata hajatambua ni kitu gani, kama vile tunavyohisi mtu anapoingia chumbani amevaa shati nje-ndani. Hisia hiyo ya kwamba utaratibu umepinduka haikuletwa na mifupa wala mundu, ambavyo ni vyombo vya kawaida mno vya kutishia. Imeletwa na mwelekeo peke yake. Ndiyo sababu nasema fumbo la mchoro huu limejengwa, wala si moshi uliopuliziwa juu ya kazi iliyokwisha.

Neno hilo la moshi linatupeleka kwenye sehemu ngumu zaidi ya kuuthamini mchoro wowote wa Ryder, nayo ni hali yake ya leo. Rangi ya mafuta haikauki kama maji yanavyokauka. Mafuta ya kitani hunyonya oksijeni kutoka hewani na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu, na utando huo huanzia juu. Kwa hiyo wachoraji walifundishwa kanuni ya kwamba tabaka za chini ziwe na mafuta machache na kukauka haraka, na za juu ziwe na mafuta zaidi, la sivyo tabaka la juu litakuwa gumu ilhali la chini bado linatembea, na hapo nyufa haziepukiki. Ryder aliivunja kanuni hii karibu kila siku ya kazi yake. Alipaka rangi juu ya rangi isiyokauka, akaweka vanishi katikati ya tabaka, akatumia nta, na pia lami, ambayo haikauki kikamilifu hata baada ya miaka mingi. Mchoro mmoja aliweza kuurudia kwa muongo mzima au zaidi. Matokeo yake yanajulikana: kazi zake nyingi zimepasuka kama tope la mto uliokauka, zimeteleza, na zimekuwa nyeusi kuliko alivyoziacha.

Inafuata basi kwamba sehemu ya giza linalotusisimua ni kemia. Ni lazima mtazamaji mwaminifu akubali hilo, hata kama linaudhi. Mtu anayesimama mbele ya mchoro wa Ryder na kusifu ukungu wake wa kiroho huenda anasifu vanishi iliyogeuka manjano. Je, tutatenganishaje kilicho cha mchoraji na kilicho cha umri? Njia niliyoizoea ni ya kawaida sana: naitazama picha ya mchoro ikiwa imepunguzwa hadi ukubwa wa stempu. Katika ukubwa huo nyufa hupotea, rangi hukaribiana, na kinachobaki ni maumbo makubwa na uhusiano wao. Katika mchoro huu kinachobaki ni bapa jeusi la ardhi, uzio unaolikata, anga iliyotanda kwa mikanda mizito, na alama moja hafifu ya kijivu inayokwenda mbio. Mashaka yote yamo humo. Rangi zingeweza kuwa angavu mara mbili ya zilivyo sasa, na bado alama ile ingekuwa peke yake.

Waghushi hawakulijua hilo, au hawakuweza kulitenda. Kazi halisi za Ryder hazifiki 200, lakini za bandia zilizotengenezwa kwa jina lake, nyingine akiwa bado hai na nyingi baada ya kufa, zinakadiriwa kuwa nyingi kuliko hizo kwa mbali. Kishawishi kinaeleweka, kwani mtu aliona giza, mwezi, mashua na nyufa, akadhani kichocheo ni hivyo, na hivyo vyote huigika kwa urahisi. Lloyd Goodrich, mtaalamu wa sanaa ya Marekani aliyetumia miaka mingi kumchunguza Ryder, alipozipitisha kazi hizo katika eksirei aliona kwamba zile za kweli zina ujenzi mkubwa chini ya uso wao, maumbo yaliyosogezwa, yaliyofunikwa na kuanzwa upya, ilhali za bandia huwa nyepesi chini, giza lake likiishia juujuu. Sijui ushahidi bora kuliko huo wa kwamba fumbo lake halikuwa urembo.

Wachoraji waliomfuata walilitambua jambo hili mapema kuliko wanunuzi. Katika maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa yaliyofanyika New York mwaka 1913, ambayo yaliwaletea Wamarekani kazi za Matisse, Picasso na Duchamp, kazi 10 za Ryder zilitundikwa pamoja nao, naye akiwa mzee wa miaka 65 anayeishi peke yake katika vyumba vilivyojaa takataka. Mwaka 1944 Jackson Pollock, ambaye hakuna aliyemtarajia kuwa na mapenzi na wazee wa karne iliyopita, alisema kwamba bingwa pekee wa Marekani anayemvutia ni Ryder. Si vigumu kuona alichokipata Pollock: mtu aliyeamini kwamba maumbo na uzito wa rangi vinaweza kubeba hofu bila kusimulia hadithi.

Nimemwacha nyoka, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ndiye kipande cha mchoro kinachosomwa kwa haraka zaidi, kwa kuwa aliyelelewa na Biblia akiona nyoka tayari amesikia neno dhambi. Inawezekana Ryder alilikusudia hilo pia. Hata hivyo, ukimtazama kwa macho kabla ya kumtafsiri, utaona kwamba anafanya kazi nyingine: yeye ndiye kitu pekee kilicho upande wetu wa uzio, anajikunja polepole ilhali farasi ananyooka kwa kasi, na bila yeye tusingekuwa na kipimo cha mwendo wa yule mwingine. Hawaonekani kujuana. Viumbe wawili wanatembea katika mchoro huu, mmoja kwa mzunguko na mwingine kwa mawimbi, na hakuna mmoja anayemsababisha mwenzake. Mti mkavu umesimama, haushiriki.

Baada ya kuyapitia haya yote, mtazamaji hubaki na swali dogo ambalo kwa kawaida ndilo la kwanza kuulizwa na watoto: huu ni mchana au ni usiku? Anga haikubali jibu. Ina mwanga wa kutosha kuonyesha kila kitu hadi kwenye uzio wa mbali, lakini hakuna jua wala mwezi wa kuutoa mwanga huo, na farasi hatupi kivuli cha kutuambia unatokea upande gani. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwuliza Ryder mwenyewe swali hilo, na Ryder, aliyekuwa ameuhangaikia mchoro huo kwa miaka, akajibu kwamba hakuwahi kulifikiria.